Chupa Niliyomtumia Mama Maabara

Mama alipopelekwa Dar kujifunza mashine mpya, aliahidi kurudi baada ya miezi mitatu. Mwezi wa saba tangu aondoke ulinikuta bado niko kwa bibi, hapa Kabuku. Kila basi la kutoka Dar likisimama, mimi natazama miguu ya wanaoshuka. Ya mama naijua, kidole gumba cha kushoto hakina ukucha.

Zamani alikuwa fundi wa maabara kwenye hospitali moja Korogwe, anapima minyoo yetu. Huko Dar akawa anapima mofini, dawa kali ya maumivu inayolevya, na ndugu zake ndani ya mikojo ya watu. Barua zake zilikuwa na mashine nyingi kuliko mimi. Dawa inachujwa kutoka kwenye mkojo, inageuzwa mvuke, kisha gesi inausukuma ule mvuke kwenye bomba jembamba lililojiviringa kama utumbo wa kuku. Kila dawa inatoka kwa wakati wake, na ikitoka, kalamu inachora kilima kwenye karatasi. Dawa nyingi, kilima kirefu. Nikamjibu kwamba milima tunayo, aje aipime huku.

Barua iliyofuata alilalamika. Ili ajue kilima gani ni cha kiasi gani, alihitaji mkojo mtupu, usio na dawa hata chembe, autilie mofini kwa kipimo anachokijua. Lakini yeye na wenzake wote walikuwa na mafua na walikuwa wamemeza vidonge.

Nikaona nimsaidie. Nilijaza chupa ya soda, nikaiziba kwa gunzi, nikaizungushia kitambaa na barua: "Shikamoo mama. Huu mtupu kabisa. Ukiona kilima, hiyo ni hamu ya kukuona."

Utingo wa basi la Dar alifunua kitambaa kidogo, akaiinua chupa juani. "Asali?"

"Ya bibi. Usionje, kaka, haijaiva."

Siku ya nne natoka kupalilia shamba la kijiji, jembe begani, namkuta mama uani. Hakunikumbatia. Alinishika kidevu, akanifunua jicho la kulia, halafu la kushoto.

"Unakunywa nini wewe?"

"Shikamoo mama."

"Nimekuuliza."

Akakunjua karatasi. Kilima kimoja chembamba kilikuwa kimesimama mahali pa kodeini, ndugu yake mofini. Mkojo wangu mtupu ulikuwa umemharibia kazi ya siku nzima, na hilo hakulijali. Aliomba ruhusa huku analia, akidhani mwanawe ameanza kulewa madawa.

Bibi akatoka jikoni na chupa ya dawa ya kikohozi niliyopewa zahanati. "Labda hii. Wiki nzima anakohoa, hata kuku hawalali."

Mama alisoma karatasi ya chupa, akakuta kodeini imeandikwa, akakaa juu ya kinu. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akanivuta kwake.

Ruhusa ilikuwa ya siku moja. Asubuhi tulikaa kando ya barabara, ananimenyea chungwa.

"Siku nyingine acha ujinga. Ungeandika tu, mama njoo."

"Niliandika. Mara sita."

Aliendelea kumenya mpaka kisu kikaingia kwenye nyama ya chungwa, maji yakamtiririka mkononi. Basi la Dar lilipiga honi kule kwenye kona. Nikamwomba Mungu lipasuke tairi.

Halikupasuka.