Chungu cha Mama na Matabaka ya Ivuna

Nafundisha jiografia Tunduma, na nikishika mada ya bonde la Rukwa mdomo wangu hauna breki. Wanafunzi wakiuliza kama chumvi ya Ivuna, kando ya Ziwa Rukwa, ililetwa na bahari, nafurahi kuwakatalia: bahari haikufika huku, hata enzi ilipojaa kuliko sasa. Ardhi ilipasuka, katikati ikadidimia, ziwa likakaa humo. Mvua zikizidi lilitanda, zikikatika likanywea, na kila mara likaacha tabaka lake la tope. Maji ya chumvi yanapanda kupitia nyufa zile zile.

Mama yangu amechemsha maji hayo tangu sijazaliwa. Msimu wa mvua uliopita ziwa lilisogea mpaka kwenye banda lake, akanipigia simu nikamsaidie kuhama.

Nilifika asubuhi. Vitu vidogo alishavipandisha mlimani. Kilibaki chungu kikubwa cha kuchemshia, alichoachiwa na bibi. Katika nyumba yetu chungu hicho hakihamishwi na mtu mmoja. Mwenye nacho hushika upande huu, mwanawe upande ule. Ndiyo maana aliniita mimi, hakuita jirani.

Lakini maji yalikuwa yamemega ukingo pembeni ya banda, udongo ukabaki wazi kama mkate uliokatwa: tope jeusi, mchanga, makombe ya konokono wa ziwa, tena tope. Miaka yote nilikuwa nakichora ubaoni kitu hicho bila kukiona. Nikatoa simu, nikaanza kupiga picha.

"Mwanangu, njoo tushike," mama aliita.

"Nakuja, mama. Kidogo tu."

Akaita tena. Nikajibu vile vile, nimechuchumaa mbele ya udongo wangu. Maji yalipofika mafigani alikikumbatia chungu peke yake. Nilikisikia kikipasuka kabla sijageuka.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea! Aliokota kigae kimoja, akakisuuza ziwani, akanipa.

"Kawaonyeshe wanafunzi wako," alisema, bila kejeli hata chembe.

Nilikipeleka kweli, sijui kwa nini. Picha zilipendwa sana darasani. Kisha binti mmoja akakiinua kigae, akauliza kimetoka tabaka lipi.

"La juu kabisa," nilisema, nikageukia ubao nikaufuta, ingawa haukuwa na kitu.