Hulda na Namba Iliyokatika Katikati

Hulda wa Ngao huwatengenezea watu wa Garsen tovuti: mwenye duka la mbegu, kwaya, hata kinyozi. Chumba chake kinatazamana na saluni ya Mwanaarusi, mwanamke wa Kipini mwenye mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Ukurasa wa saluni hiyo ndio aliojivunia kuliko zote. Kwenye kompyuta yake herufi zilikaa kama shanga uzini.

Siku moja tu baada ya kuutoa hadharani, alisikia anaitwa kutoka ng'ambo ya barabara, kwa sauti iliyowageuza hata mbuzi waliokuwa wakipita.

"Hulda! Mdogo wangu, njoo unambie mie nauza nini hapa!"

Ndani alimkuta Darmi, mteja aliyekuja kusukwa, anacheka mpaka anajifuta machozi. Akamwonyesha simu yake. Maandishi makubwa yalisema PIGA NA, kisha, mstari wa chini: MBA YA SALUNI.

"Mba ninayo yangu ya kutosha," Darmi alisema. "Sikuja kuongezewa."

Hulda aliona aibu, akacheka, kisha akavuta kigoda akafungua kompyuta. Kosa alilijua. Aliruhusu maneno yakatwe popote ili yajaze kisanduku. Kivinjari chake, programu ya kufungulia kurasa, kilizibana herufi, neno likatosha. Cha Darmi kiliziachia nafasi zaidi, neno likakosa pa kukaa.

"Si ulifute, uandike simu?" Mwanaarusi aliuliza.

"Nikilifuta hilo, dada, kesho litakatika jingine."

Akapunguza nafasi kati ya herufi, kiduchu tu. Kwenye simu ya Darmi namba ikaungana. Kwa Mwanaarusi, KARIBU MREMBO ikawa KARIBUMREMBO.

"Hiyo sasa dawa ya minyoo!" Mwanaarusi akapiga kelele.

Akazitanua tena, mba ikarudi. Shuka fupi hilo: ukifunika kichwa, miguu iko nje. Kichwa cha Darmi kilikuwa kimeshasukwa nusu Hulda alipochoka kuvilazimisha vivinjari vifanane. Akapachika fonti, yaani mtindo wa herufi, ndani ya ukurasa wenyewe, ili simu isijichagulie yake. Akaondoa vipimo vyake vya ujanja, akakiacha kisanduku kijitanue chenyewe, na akapiga marufuku neno lolote kukatwa.

"Haya, fungueni wote."

Wateja wakafungua, hata aliyekuwa na povu kichwani. Kwa huyu mistari mitatu, kwa yule minne, lakini kila neno lilikuwa zima. Hulda akashusha pumzi.

Mwanaarusi alikuwa bado anatazama simu yake, kisha ya Darmi, kisha yake.

"Mbona kwa Darmi jina langu limenawiri kuliko kwangu?"

"Kila kivinjari kina mwendo wake, dada. Hapo sina la kufanya."

"Basi Darmi," Mwanaarusi akasema, akimkabidhi simu, "nitilie hicho chako. Mie nahama."