Kadi Niliyoisahau Rafuni

Siku yangu ya kwanza kazini, katika mahakama ndogo ya Migori, karani mkuu hakunionyesha kiti. Alinipeleka masjala, chumba cha majalada, akanikabidhi kadi ya samawati.

"Jalada likienda rufaa, hii inakaa mahali pake. Likirudi, unaitoa. Ukiisahau, umemficha mtu."

Nilicheka. Nilikuwa kijana.

Miaka mingi baadaye, nikiwa karani wa Mahakama Kuu ya Homa Bay, ambako rufaa za Migori zilisikilizwa, Okoth, mkulima wa Lambwe, alinijia dirishani. Alikuwa amefungwa miaka tisa kwa wizi wa mabavu asioufanya, mpaka rufaa ikamwachilia. Alitaka kuidai serikali fidia, na wakili wake alihitaji nakala ya jalada yenye muhuri.

"Miaka yote tangu nitoke, Migori wananiambia liko kwenu, ninyi mnaniambia liko Migori. Jaduong', mzee wangu, hilo jalada lina miguu?"

Nilikwenda Migori mwenyewe. Rafuni, kadi ilikuwa ingali imesimama, ikisema jalada liko rufaa. Mwandiko ulikuwa wangu. Jalada nililikuta sakafuni, katika fungu la kesi zilizokwisha, pale nilipolitupa siku liliporudi.

Okoth akapata nakala, akafungua dai. Wakili wa serikali akajibu kwamba amechelewa mno, dai litupwe. Kitu pekee cha kuonyesha kwamba hakuchelewa kwa kupenda kilikuwa kadi ile, nami nilikuwa nayo mfukoni.

Mkuu wangu alifunga mlango. "Ichane, mzee. Umebakiza miezi mitatu. Unataka pensheni ama unataka matata?"

Wiki nzima niliigusa kadi kupitia shati kama mtu anayegusa jipu.

Nilipopanda kizimbani kumtolea Okoth ushahidi, niliitoa kadi, na wakili wa serikali akainyanyua. "Mwandiko huu ni wa nani?"

Magoti yalinicheza. "Wangu."

Nje, Okoth hakunishukuru. "Hata mimi magoti yalicheza hivyo hivyo pale siku ya kesi yangu, nikisema ukweli," alisema. "Wewe leo wameyaandika maneno yako. Mimi walinicheka."

Sasa nimestaafu. Uamuzi haujasomwa, na barua ya pensheni yangu haijafika. Kila Ijumaa Okoth hupiga simu.

"Kuna neno, jaduong'?"

"Bado."

Hatuna la zaidi la kusemezana, lakini hakuna anayekata simu upesi.

Ninyi mlioko masjala leo, msinisome mpaka mwisho. Inukeni kwanza, mkaangalie rafu zenu.