Kitufe cha Kupima Masikio

Mume wa dada yangu alikuwa fundi wa kuruka na ndege za mizigo za jeshi, na kikosini walimwita Sikio. Injini ikisumbua angani, rubani humgeukia yeye. Ataweka kiganja kwenye ukuta wa ndege, afumbe macho, kisha aseme: "Ya pili kulia. Pampu ya mafuta." Miaka ishirini na miwili hakukosea. Mimi, mtunza stoo ya vipuri, nilijivunia shemeji kama mali yangu. Mjinga mimi, sikujiuliza kiganja kinatafuta nini kama sikio lipo.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Dada alikuwa ameacha zamani kumwita mumewe akiwa nyuma yake. Alimzunguka mpaka waonane uso kwa uso ndipo aseme. Lakini kazini nani angegundua? Ndani ya zile ndege kuukuu kila mtu anapiga kelele na kuongea kwa mikono.

Ndipo zikaja ndege mpya. Nzuri, sikatai, ila kiti cha fundi hakimo. Kazi yake inafanywa na kompyuta. Aliyetaka kuendelea kuruka ilibidi ajifunze kusimamia mizigo, na humo amri zote huja kwa hedifoni masikioni, kwa sauti ya chini. Kwanza, kipimo cha masikio.

"Shemeji, nikikosa hiki nimekwisha," aliniambia. "Huku chini mimi sina kazi ninayoijua."

"Sikio mzima unaogopa kupimwa masikio? Basi samaki naye aogope maji!"

Alicheka kwa kuchelewa kidogo.

Nilimsindikiza. Aliingizwa kwenye kibanda cha kioo, akapewa kitufe: ukisikia mlio, bonyeza. Akawa anabonyeza vizuri kabisa, nami nikafurahi. Kumbe alikuwa akitazama bega la mpimaji. Likishuka tu mpimaji akibofya mlio, naye anabonyeza. Mpimaji akashtukia jambo. Akazima mashine, akainama kuchukua glasi ya maji. Bega likashuka. Shemeji akabonyeza. Mpimaji akairudisha glasi mezani. Shemeji akabonyeza tena, akatabasamu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Hakurudi angani. Siku ndege ya mwisho ya zamani ilipopelekwa kuvunjwa, rubani aliahidi kupita juu ya nyumba yao saa nne asubuhi, kumuaga. Shemeji alivaa sare, akasimama uani akitazama upande wa uwanja. Mawingu yalikuwa mazito. Ndege ilipita nyuma yetu, juu ya mawingu, haikuonekana. Tuliisikia mimi na dada, mpaka ikaishia mbali. Dada aliingia ndani akilia.

Saa nne na nusu shemeji alikuwa bado amesimama, shingo juu.

"Mbona wamechelewa?" aliniuliza.

Nilikwenda nikasimama mbele yake, aone midomo yangu.

"Ni mawingu tu, shemeji," nikamwambia. "Watakuja."