Ufunguo Katika Pindo la Mardhiya

"Mardhiya mwenzangu, hivi ile mashine ikifa, utaikalia eda?"

Fatu, jirani yake, alimuuliza hivyo uani mbele yetu sote, siku ya harusi ya mpwa wake Mardhiya. Pilau ndiyo kwanza ilikuwa inapakuliwa. Simu ya Mardhiya ilikuwa imelia kutoka kazini, akasikiliza, akainuka na mkono aliokwisha kunawa, chakula hajakigusa. Wanawake tukacheka. Yeye pia alicheka, lakini vidole vilikuwa vimeshika pindo la kanga, pale anapofunga ufunguo.

Nimefanya kazi na Mardhiya miaka kumi na mmoja, na ule ufunguo mimi ndiye niliyeufanya mzito. Nitalisema hilo.

Bwana Haidar, tajiri wetu, ana nyumba tatu za wageni: moja hapa Bagamoyo mjini, moja Kaole, moja Saadani. Majina ya wageni wote, nani analala chumba gani na siku gani, yamo kwenye kompyuta moja kubwa, katika chumba kidogo nyuma ya pale ninapofulia mashuka. Mardhiya aliajiriwa kupokea wageni. Fundi aliyeileta mashine akamfundisha siku mbili, akarudi Dar es Salaam, hatukumwona tena. Basi kazi ikamwangukia yeye. Umeme ukiyumba, aizime kwa utaratibu. Ukirudi, aiwashe. Kila alasiri achomoe diski yenye nakala ya majina, aende nayo nyumbani mkobani, ili nyumba ikiungua majina yasiungue. Asipokuwepo, Kaole na Saadani hawaoni kitu. Kuna siku watu wa Kaole waliwapa familia mbili chumba kimoja, mabegi yakapangwa mlangoni na wageni wanatazamana.

Mara moja tu aliomba ruhusa ya siku nzima, aende Ubena kwenye khitma ya shangazi yake. Akaniambia, "Saida, wewe ichunge tu. Usiiguse."

Sikuigusa kwa ubaya. Niliona vumbi na chumvi ya pwani vimeanza kuila kwa kutu. Na kwangu mimi kitu cha thamani hakikai uchi: redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake. Nikaleta kitambaa nilichokifuma mwenyewe, cheupe chenye maua ya waridi, nikaivika hadi chini, nikasema Bismillahi, nikarudi kwenye mashuka. Kumbe nimeiziba matundu ya hewa. Kabla ya adhuhuri ilikuwa imechemka ikazimika. Mardhiya akapigiwa simu, akageuza njia khitma haijasomwa.

Hakunigombeza. Alikitoa kile kitambaa, akakikunja vizuri, akanirudishia.

"Umeivalisha vizuri, Saida," alisema. "Ila nayo inapumua."

Tangu siku ile Bwana Haidar akaamuru chumba kifungwe kwa kufuli, na ufunguo akae nao Mardhiya peke yake. Watu walimpongeza kwa kuaminiwa. Mimi nilikuwa namwona anavyokaa kwenye kigoda nje ya mlango ule, feni inavuma ndani, na siku zinapita.

Mwaka huu bintiye, Sabiha, alishika mimba ya kwanza. Ameolewa Saadani, mumewe kaajiriwa hifadhini. Kwa desturi yetu, mimba ya kwanza binti huja kujifungulia kwa mama yake, na mama ndiye amkande kwa maji ya moto mpaka arobaini ipite. Lakini shinikizo la damu likampanda, daktari akamkataza safari. Kwa hiyo mama ndiye aende. Sabiha akipiga simu tulikuwa tunamsikia hadi kwenye beseni la kufulia.

"Mama, unakuja lini? Mawifi wananiuliza nani atanikanda."

"Nitakuja, mwanangu."

"Ulisema hivyohivyo kwenye harusi yangu, ukaja ngoma zimekwisha."

Umeme ulikuwa umeanza kufifia, Mardhiya akaingia ndani.

Wiki ile ile akaja Vaileth, dada mmoja wa Dar mwenye shughuli za kompyuta, amefikia kwetu kama mgeni. Alimkuta Mardhiya na diski mkononi, akamuuliza ya nini. Alipoelezwa, akavuta kiti.

"Mama, shikamoo tena," akasema. "Kazi hii ya watu sita unaifanya peke yako?"

Akatueleza habari ya wingu. Majina yanahamia kwenye mashine za kampuni ambayo kazi yake ni kuzitunza, hiyo tu. Wana majenereta, wana mafundi wa zamu, nakala zinakaa sehemu zaidi ya moja. Programu ikihitaji kurekebishwa wanarekebisha wao, wezi wa mtandaoni wanawazuia wao. Umeme ukikatika Bagamoyo, Saadani wanaendelea kuona vyumba vyao kwenye simu. Wageni wakizidi mwezi wa saba mnaongeza nafasi mnayoikodi, wakipungua masika mnapunguza.

"Na mtandao ukikatika?" Mardhiya aliuliza.

"Hapo mtakwama kidogo, sikufichi. Kila asubuhi chapeni orodha ya siku, muwe na laini za mitandao miwili."

"Na mimi nikisafiri?"

"Utasafiri, mama. Yenyewe haitajua kama umeondoka."

Nadhani hakuna aliyewahi kumwambia Mardhiya neno tamu kuliko lile.

Bwana Haidar alipoelezwa, alitikisa kichwa. "Wageni wangu nikawaweke kwa watu nisiowajua sura? Wingu langu ni dada Mardhiya. Huyu ni mtu wa nyumbani." Akamsifu mbele ya wafanyakazi wote, nasi tukapiga makofi. Kila sifa niliisikia kama kufuli linalobanwa. Nami nilipiga makofi, Mungu anisamehe.

Jumatatu, Sabiha akashikwa na uchungu. Simu ilikuja Mardhiya akiwa kwenye kigoda chake. Alisema "Yarabi" mara moja, akafungua pindo la kanga. Fundo lilikuwa limekaza siku ile, ikabidi nimsaidie kwa meno. Kisha akaenda mapokezi, ambako Bwana Haidar alikuwa anakunywa kahawa, akaweka ufunguo mezani kando ya kikombe.

"Vipi tena, dada? Umeme?"

"Umeme upo," Mardhiya akasema. Sauti yake haikupanda. "Bwana Haidar, naomba siku arobaini nikamkande mwanangu. Mashine wape wenye kazi yao."