Mgeni Wangu wa Kiingereza

Mwenzenu nimeumbuka. Nimehamia Mgololo kikazi kutoka Mbeya, na nisipofaulu mtihani wa Kiingereza wa ngazi ya kati, mafunzo ya nje nitayasikia redioni tu. Sehemu ya kuongea inataka watu wawili, na mimi huku sina mtu. Basi kila jioni naweka viti viwili, nauliza kwa sauti nyembamba ya mama mtahini, halafu nahamia kiti cha pili najibu kwa sauti yangu.

Juzi mama mwenye nyumba akaniuliza, "Mwanangu, mgeni wako hajambo?"

Mjinga mimi nikajibu, "Hajambo, mama."

Jana akabisha hodi na wali na kuku wa kutosha watu wawili, kajifunga kitenge kipya, amekuja kumsalimia mgeni. Nikasema ametoka.

"Nimemsikia sasa hivi," akasema, akaingia.

Chumba changu ni kimoja tu. Akatazama vile viti viwili, akatazama jozi moja ya ndala mlangoni, kisha akanitazama mimi.

"Kumbe ni wewe mwenyewe," akasema taratibu. "Sasa kila siku unajiulizaga nini?"

"Kama nina marafiki, mama."