Vidonge vya Huku na Vidonge vya Goma

Tangu wiki ya kwanza niliyoingia nyumbani kwake kama mke wa mwanawe, mama mkwe wangu alinitaka nionje chai yake kabla hajainywa. Sikuona ajabu. Sisi Wanyarwanda, hata tuliokulia ukimbizini Tanzania kama mimi, tunajua kwamba anayekukaribisha pombe huonja yeye kwanza, ndipo akupe. Anakuonyesha kuwa ndani hamna kitu. Lakini kwetu ilikuwa desturi ya sherehe, ya mtungi na mrija. Kwa mama mkwe ilikuwa ya kila siku na ya kila kitu: chai, uji, maji ya kunywa, hata maji ya kusukutua mdomo asubuhi. Nilikuwa nakula chakula changu na robo ya chakula chake, na mwaka ule nilinenepa vibaya.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini, Gisenyi, mji wa Rwanda kando ya ziwa. Familia ya mume wangu ilikuwa imerudi kutoka Kongo, ikapata nyumba si mbali na bariyeri ndogo, kizuizi cha mpakani cha kuvukia Goma, upande wa Kongo. Mimi nilikuja kutoka upande mwingine kabisa, na Kiswahili changu walikiita cha redio. Mchana mji ulikuwa mji: viazi vya Nyakiriba vinashuka sokoni, wanawake wanavuka na mabeseni kichwani. Lakini milimani kulikuwa na vita, na mara kwa mara tulisikia risasi. Kila ziliposikika, mama mkwe alishika kifua.

“Moyo yangu inakimbia,” alisema. “Inakimbia na haijue kwenye inaenda.”

Mume wangu alikuwa karani wa ofisi ya ushuru, mtu wa suruali iliyopigwa pasi na maneno machache. Alimpeleka mama yake hospitali, akapewa vidonge vyeupe vya kupunguza mbio za moyo, asubuhi na jioni. Vilimsaidia kweli. Kwa mara ya kwanza nilimwona akimenya maharage huku risasi zikilia, bila kushika kifua.

Sasa, mume wangu alikuwa na dada yake, wifi yangu, aliyeishi nyumba ya pili kutoka kwetu. Huyo ndiye aliyekuwa na mdomo wa familia nzima. Alikuwa akivuka Goma kila siku kuuza unga na kurudi na vitenge, na hakupenda kuona mama anapona kwa dawa ya kaka yake peke yake. Siku moja akarudi na vidonge vya rangi ya waridi, vimefungwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari, kutoka kibanda cha dawa cha huko.

“Mama, ile ya kaka ni ya moyo,” alisema. “Hii ni ya woga. Ukisikia woga inakuja, unameza. Goma wote wanamezaka hii.”

Hakumuuliza kaka yake, na kaka yake hakumuuliza yeye. Ndivyo walivyokuwa wale wawili. Huyu akileta shuka, yule analeta blanketi. Huyu akileta samaki, yule analeta nyama, na mama analazimika kula vyote mbele yao ili asimuudhi yeyote. Basi akameza vyote. Vyeupe kwa saa, vya waridi kwa woga. Vya waridi alivifunga kwenye pindo la kitenge chake, akawa anatembea navyo.

Baada ya muda nikaanza kuona mabadiliko. Mikono yake ikawa baridi mchana wa jua kali. Akiinuka kutoka kwenye kusali rozari anapepesuka, anashika ukuta. Ngazi za mbele, zile chache za mawe meusi, zikawa zinamchosha. Kisha zikaja ndoto. Aliamka analia kwamba kuna mwanamke amemkalia miguuni ameshika kikombe, na mwanamke huyo hana uso.

Katika mji ule kila mtu alizijua dalili hizo, na jina lake ni uburozi, sumu ya polepole, ile inayotiwa kidogo kidogo na mtu wa nyumbani. Majirani walikuja kumwangalia. Walimshika mikono, wakatazamana, wakaguna. Halafu macho yao yakapita jikoni, nilikokuwa nimeinama juu ya sufuria. Nani alikuwa mgeni katika nyumba ile? Nani alikuwa anapika?

Kila woga wa sumu ulipompanda, mama mkwe alifungua pindo la kitenge akameza cha waridi. Kesho yake mikono ilikuwa baridi zaidi, naye akawa na woga zaidi, akafungua pindo tena. Leo nikikumbuka kidole chake kikihangaika na fundo lile, natamani kupiga yowe. Wakati ule niliona tu mama anazidi kunyauka na watu wanazidi kuninyamazia.

Kuonja hakukutosha tena. “Meza nione koo,” aliniambia, na nilimeza huku akinitazama shingoni. Wifi naye hakukosa neno.

“Hawa wa Tanzania wanakunywaka dawa mbele ya kula,” alisema. “Sumu haiwakamate.”

“Wifi,” nikamjibu, “ningekuwa na dawa ya namna hiyo ningekuwa nimeshatajirika. Nisingekuwa hapa nawamenyea viazi.”

Nilicheka mwenyewe. Mume wangu alikuwa anasoma gazeti la zamani na hakuinua kichwa.

Jumapili moja asubuhi mama mkwe alianguka uani, karibu na jiwe la kufulia. Tulimlaza kwenye mkeka. Nilimshika kifundo cha mkono kutafuta mapigo, na kati ya pigo moja na jingine nilingoja mpaka nikadhani yamekwisha. Midomo ilikuwa imefifia. Nikasema apelekwe hospitali mara moja.

Hapo ndipo nilipojitia kitanzi, na nilijua. Watu wa kule waliamini kwamba aliyelishwa sumu akichomwa sindano anakufa hapo hapo. Kwa hiyo anayetaka mgonjwa wa sumu aende hospitali ni mtu anayetaka kazi yake imalizike.

“Nani anataka mama apigwe sindano?” wifi akauliza uani, kwa sauti ya kusikika barabarani. “Niulize tena: ni nani?”

“Mimi,” nikasema. “Mimi ndiye ninayetaka. Mama anakufa.”

Wanawake wa jirani walisogea nyuma. Nilimgeukia mume wangu. Huyu alikuwa mtu wa ofisi, anayesoma na kuandika Kifaransa, aliyempeleka mama yake hospitali kwa miguu yake mwenyewe. Alitazama viatu vyake.

“Tuanze Cyanzarwe,” akasema. “Ikishindikana tutakwenda hospitali.”

Cyanzarwe alikuwako mganga, mwanamke aliyesifika kwa kutoa sumu. Hakuna gari lililokubali kwenda upande ule siku zile, basi vijana wa mtaani wakaleta ingobyi, kile kitanda cha kusuka cha kubebea wagonjwa mabegani, tukapanda nacho kati ya mashamba ya viazi. Nilifuata nyuma. Hakuna aliyeniambia nirudi wala nije. Nilikuwa nimekasirika mpaka masikio yanawaka, na chini ya hasira ile kulikuwa na hofu tupu, kwa sababu nilijua kwamba mama akifa mikononi mwao mimi ndiye nitakayekuwa nimemuua.

Mganga alimnywesha maji ya kijani yenye harufu kali. Mama alitapika, akatapika tena, mpaka hakukuwa na cha kutoka. Mganga akachokoa matapishi kwa kijiti, akainua kitu cheusi chembamba.

“Hii hapa,” alisema.

Watu walishusha pumzi. Wifi alilia kwa furaha, akamkumbatia kaka yake. Nilisogea nikainama kutazama.

“Hayo ni majani ya chai,” nikasema.

“We ndiye unayajua,” wifi akanijibu. “We ndiye ulipika.”

Mchana tulikuwa hospitali, kwa sababu njiani mama aliacha kuitika. Daktari alikuwa kijana Mkongomani mwenye macho mekundu ya usingizi. Baadaye nilikuja kujua kwamba alipomaliza masomo Kinshasa, utafiti aliouandika ulihusu hasa watu wanaodhurika kwa dawa za moyo za aina hii. Alisikiliza kifua, akauliza swali moja tu: “Anakunywa dawa gani?”

Mume wangu akatoa vyeupe mfukoni. Wifi akageukia dirisha. Nikapiga magoti, nikafungua lile fundo la kitenge, nikampa vya waridi. Vilikuwa vimebaki vichache.

Daktari aliviweka vyote kiganjani, akavigeuza kwa kidole.

“Hii ni dawa moja,” alisema. “Kiwanda ndicho tofauti, na rangi. Bon. Inashika moyo usikimbie. Ukiizidisha inaushika mpaka unasimama. Mikono inakuwa baridi, kichwa kinazunguka, na ndoto mbaya pia inaleta. Amemeza ngapi?”

Hakuna aliyejua. Akamchoma sindano ya kuamsha moyo. Wifi alijitupa chini mlangoni, akalia kwamba sasa tumemmaliza. Mapigo yalipanda kidogo, tukayaona kwenye uso wa daktari, kisha yakashuka. Akachoma nyingine. Alitoka nje akasimama ukutani, nami nikamfuata.

“Iko dawa inaitwa glukagoni,” aliniambia. “Ni ya wagonjwa wa kisukari, sukari ikiwaanguka. Watafiti waliona inaweza kuamsha moyo hata kama dawa hii imeufunga. Nimeisoma, nimeiandika. Hapa haiko. Goma haiko. Kigali, labda.”

Barabara ya Kigali ilikuwa inapitika asubuhi tu, magari yakisindikizwa na askari. Asubuhi ile ilikuwa imekwisha pita tukiwa Cyanzarwe.

Nilichotaka kilikuwa kimoja: apone, na kama haponi, basi aseme mbele ya wanawe kwamba si mimi. Alipofumbua macho niliona kama nimepewa zawadi. Daktari aliagiza maji ya sukari. Niliyakoroga, nikaonja, nikameza polepole mama aone koo, kama alivyonifundisha. Daktari akainama akamweleza, kwa upole na kwa maneno mepesi, habari ya vidonge vya rangi mbili ambavyo ni kimoja. Mume wangu alisimama upande mmoja wa kitanda, wifi upande wa pili.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho.

“Docta,” akasema, “hii dawa watoto yangu ndio walinileteaka. Watoto yangu wananipenda. Haiwezi kuniua.”

Kisha akakisukuma kikombe changu kwa mgongo wa mkono, na maji yakanimwagikia kwenye sketi. Jua lilikuwa bado juu ya ziwa alipokufa.

Kabla hatujaondoa mwili daktari aliniita pembeni, akaniuliza mambo mengi: vidonge vya waridi vilianza lini, mikono ilipoa lini, ndoto zilikuwaje. Alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza kama shahidi. Alisema angependa kuandika kisa hiki ili madaktari wengine wakisome, bila jina la mgonjwa.

“Andika pia kwamba mkamwana wake alionja kila kitu,” nikamwambia.

Akanitazama kwa huruma. “Hiyo haiingie kwenye utafiti, mama,” alisema.

Kwenye matanga hakuna aliyegusa chakula nilichopika. Waliokuja walipita sufuria zangu wakaenda kwenye za jirani, na waliona aibu kidogo, lakini walipita. Siku ya pili nilimkuta wifi peke yake jikoni, amechuchumaa mbele ya mafiga, anatupa vidonge vya waridi motoni. Lazima alikuwa amenunua vingine akaviweka akiba. Alinisikia, akageuka, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejua.

“Sema,” nikamwambia. “Toka hapo nje, uwaambie.”

“Bele,” akasema, neno la Goma la kumwita wifi, na hakuwa amewahi kuniita kwa sauti ile, ndogo vile. “Nikisema, mi nitaishi na nini?”

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Nilimchukia na nilimwonea huruma kwa wakati mmoja, na sijui mpaka leo ni kipi kilichokuwa kikubwa. Nilitoka nikaenda kuteka maji.

Mume wangu alinitetea, siwezi kumnyima hilo. Kila aliyekuja kutoa pole alimweleza maneno ya daktari, vizuri, kwa mpangilio wa karani, na alipofika mahali pa vidonge vyeupe hakuviruka, alisema ni yeye aliyevileta. Nilimsikiliza kutoka ndani na moyo wangu ukalegea. Nikafikiri, huyu angalau ninaye.

Wageni wa mwisho walipoondoka nilimmiminia chai, ya maziwa na tangawizi, kama anavyoipenda. Akapokea, akashukuru, akaanza kunieleza habari ya bati la jikoni lililotoboka, kwamba afadhali libadilishwe kabla ya mvua. Kikombe kilikuwa gotini. Mvuke ukapungua. Akaendelea na habari ya misumari. Nikamwambia chai inapoa, akasema ndiyo, akaendelea na misumari.

Ndipo nilipoelewa. Nikakichukua kikombe mkononi mwake, nikanywa funda moja, nikamrudishia. Hakuacha kuongea. Lakini macho yake yalikuwa kwenye koo langu, na nilipomeza, akanywa.